Mwanangu anaumwa koo mara ya tatu mwaka huu: nimnunulie dawa gani?

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Muheza mkoani Tanga, na riziki yangu ni kukaanga maandazi na kuuza chai asubuhi jirani na stendi. Ninakuandikia kwa sababu ya binti yangu wa pili, Rehema, mwenye umri wa miaka minane, ambaye koo linamsumbua kwa mara ya tatu tangu mwaka huu uanze, na sasa nimefika mahali sijui tena nimnunulie nini.

Mara ya kwanza, mwezi wa Machi, aliamka na homa akawa hawezi kumeza hata uji. Nilikwenda duka la dawa lililo karibu na nyumbani, nikaeleza, na kijana aliyekuwa zamu akanihesabia vidonge sita vya rangi mbili, akavifunga kwenye karatasi na kuniambia nimpe kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni. Hakuniuliza uzito wa mtoto wala hakuniambia kama dozi imekamilika, nami mkononi nilikuwa na shilingi elfu moja tu. Siku ya pili mtoto alikuwa anaruka kamba na wenzake, kwa hiyo vidonge viwili vilivyobaki nikavihifadhi kwenye kikombe juu ya kabati. Mwezi wa Mei koo likarudi, nikampa vile viwili, nikanunua vingine vinne, akapona tena.

Sasa limerudi tena. Jumatatu alitoka shuleni analalamika kichwa na tumbo, na usiku mwili ukawaka moto. Nilimmulika mdomoni kwa tochi ya simu nikaona pande zote mbili za koo zimevimba na kuwa nyekundu sana, na juu yake kuna vidoa vyeupe kama chenga za mchele. Chini ya taya ana vinundu viwili ambavyo nikivigusa anaruka kwa maumivu. Hakohoi wala hana mafua. Mimi mwenyewe nilianza kuumwa koo Jumapili, lakini langu limekuja na mafua, chafya na kikohozi, na leo sauti imekauka kabisa. Nadhani mimi ndiye niliyemwambukiza.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema hili si jambo la dawa za dukani, bali kimeo cha mtoto kimekuwa kirefu na kinahitaji kukatwa. Anamfahamu mzee mmoja anayefanya kazi hiyo, na anasema hata mume wangu alikatwa akiwa mdogo na hakupata shida yoyote. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini, na kwenye simu anasema nisubiri arudi. Nimenunua parasetamoli ya maji lakini naogopa kuzidisha. Nyumbani pia kuna vidonge vya ibuprofeni, na diklofenaki ambazo mume wangu hutumia kwa maumivu ya mgongo. Rehema alipimwa shuleni mwezi uliopita akawa na kilo 24. Mimi nina vidonda vya tumbo, na mtoto wangu wa mwisho ana miezi tisa, bado ananyonya.

Naomba unieleze Rehema nimpe nini, mimi nitumie nini, na la kimeo nimjibu vipi mama mkwe bila kumvunjia heshima.

Ni mimi,
Mama Rehema, Muheza

JIBU

Marahaba, Mama Rehema, na poleni sana. Barua yako ilinifikia Jumatano mchana, na kabla sijakaa kuandika jibu hili nilikutumia ujumbe wa simu nikikuomba umpeleke Rehema zahanati au kituo cha afya asubuhi inayofuata, bila kungoja baba yake arudi. Hapa nitaeleza kwa urefu sababu za ombi lile, kwa kuwa najua kikombe kama kile chako, chenye vidonge viwili vya akiba, kipo juu ya makabati ya nyumba nyingi.

Nianze na hilo la kujilaumu, kwamba wewe ndiye uliyemwambukiza mtoto. Inaelekea sivyo. Ukiisoma tena barua yako utaona kwamba umeeleza maradhi mawili yaliyokutana chini ya paa moja, na umeyaeleza vizuri kuliko wengi wanaosimama mbele ya kaunta ya dawa na kusema tu kwamba koo linauma. Koo lako limefuatana na mafua, chafya, kikohozi na sauti kukauka, na mkusanyiko huo ni alama ya virusi, vile vile vinavyoleta mafua ya kawaida. Koo la Rehema limekuja ghafla na homa, limevimba na lina vidoa vyeupe, limeamsha tezi za shingoni, lakini halina kikohozi wala kamasi. Tena lilianza na maumivu ya kichwa na ya tumbo, jambo ambalo huwachanganya wazazi wengi, ingawa kwa watoto wa umri wake ni la kawaida pale koo linaposhambuliwa na bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A.

Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi. Kwa watu wazima, kati ya kila 100 wanaokwenda kutibiwa koo, 5 hadi 15 tu ndio wenye bakteria huyo, na kwa watoto ni kama 20 hadi 30. Madaktari hupima uwezekano kwa kuhesabu alama: homa ya zaidi ya nyuzi 38, kutokuwa na kikohozi, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma, mafindofindo yaliyovimba au yenye vidoa vyeupe, na umri wa miaka 3 hadi 14. Rehema anaelekea kuwa nazo zote tano. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa wenye alama nyingi kiasi hicho, takriban nusu tu ndio hukutwa na streptokokasi wanapopimwa, kwa hiyo hakuna mtu, awe mimi kwa barua au kijana wa dukani kwa macho, anayeweza kukuhakikishia kwamba ni yeye. Ndiyo maana anahitaji kuonwa na tabibu, atakayemulika koo, kuzishika tezi, kuangalia ngozi kama ina vipele, na pia kumpima malaria, kwa sababu koo kuuma hakumzuii mtu kuwa na malaria wakati huohuo, na homa ya mtoto katika mkoa kama wako haifai kuachwa bila kipimo hicho.

Wakati unajiandaa kwenda, na hata baada ya kurudi, maumivu na homa vinatulizwa kwa parasetamoli, na umefanya vyema kuanza nayo. Kipimo chake kwa mtoto hufuata uzito, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na kwa kilo 24 ni kati ya miligramu 240 na 360 kwa mara moja. Chukua chupa yako uisome ubavuni. Nyingi huandikwa kwamba kila mililita 5 zina miligramu 120, na kama yako ndivyo ilivyo, mililita 10 hadi 15 zinamtosha. Lakini zipo chupa zenye nguvu mara mbili ya hiyo, ambazo kiasi hichohicho kitakuwa kimezidi, kwa hiyo usikisie kwa kijiko cha jikoni bali tumia kifuniko chenye alama au bomba linalokuja na dawa. Mpe kila baada ya saa 6. Ukilazimika unaweza kumpa mapema kidogo, ila isiwe kabla ya saa 4 kupita, wala isizidi mara nne kwa siku nzima, usiku na mchana. Andika saa kwenye karatasi kila unapompa, kwa sababu katika nyumba yenye mama na bibi, wote wawili wenye huruma, mtoto hupewa dawa mara mbili bila mmoja kujua mwenzake ameshampa, na parasetamoli iliyozidishwa huumiza ini kimyakimya.

Ibuprofeni nayo hutuliza koo vizuri, lakini ningependa Rehema asipewe kabla hajapimwa, kwa kuwa homa ambayo chanzo chake hakijajulikana inaweza kuwa dengi, ambayo imewahi kuzuka Dar es Salaam na Tanga, na katika dengi dawa za jamii ya ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa na damu. Aspirini usimpe mtoto aliye chini ya miaka 16 kwa homa yoyote ile. Diklofenaki za mgongo wa baba yake ziache zilipo, maana zilipangwa kwa mwili wa mtu mzima.

Wewe sasa. Koo lako halihitaji antibayotiki, kwa sababu antibayotiki haziui virusi, na kama kikombe cha juu ya kabati bado kina kidonge chochote nakuomba usikimeze. Tumia parasetamoli ya vidonge, miligramu 500 hadi 1,000 kwa mara moja, isizidi miligramu 4,000 kwa siku, na haina madhara kwa mtoto anayenyonya inapotumiwa hivyo. Ukinunua dawa ya mafua, muulize muuzaji kama ina parasetamoli ndani, maana nyingi zinayo, na anayemeza zote mbili pamoja hujikuta amezidisha bila kukusudia. Kwa vidonda vyako vya tumbo, ibuprofeni na diklofenaki si zako. Kuna mengine madogo yanayosaidia. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, usukutue koo kwa kuinamisha kichwa nyuma, uteme, urudie mara kadhaa kwa siku. Rehema naye anaweza, mradi ateme. Vidonge vya kumumunya huleta mate na kutuliza mkwaruzo kwa muda, ila viweke mbali na mtoto wa miezi tisa, anayeweza kukabwa navyo. Asali kijiko kimoja kwenye maji ya moto kiasi inafaa kwako na kwa Rehema, lakini mdogo wao asiionje hadi atimize mwaka mmoja, kwa sababu asali huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Chai ya tangawizi ni nzuri ukiivumilia tumboni. Ndimu ningekushauri uiache kwa sasa. Pumzisha sauti, wala usinong'one, maana kunong'ona pia huchosha nyuzi za sauti, na ukiweza umwachie mwenzako jiko la kuni kwa siku mbili tatu, kwa sababu moshi juu ya koo lililochubuka huliweka wazi kidonda. Koo la virusi hupungua ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi kinaweza kukaa hadi wiki tatu. Sauti isiporudi baada ya wiki tatu, nenda ukaonwe.

Nirudi kwa Rehema, na kwa vile vidonge sita, kwa sababu hapo ndipo palipo na uzito wa barua yako.

Huenda uliona kwamba vidonge vinne vilimponya, ndiyo maana ulivihifadhi vilivyobaki. Ukweli ni kwamba koo la streptokokasi, hata lisipotibiwa kabisa, homa hupungua lenyewe kwa siku tatu hadi tano na maumivu hufuata. Mtoto aliyekuwa anaruka kamba siku ya pili huenda angeiruka siku ya nne bila kidonge chochote. Kinachotafutwa katika dozi kamili si maumivu kuondoka, bali bakteria kung'oka kwenye mafindofindo, na kwa penisilini au amoksilini ya kumeza kazi hiyo huchukua siku 10. Dozi ya siku mbili humwacha bakteria pale pale, na kumtuma mama kazini akiamini mtoto amepona. Siwezi kusema kwa hakika kwamba koo la Machi, la Mei na hili la sasa ni ugonjwa uleule uliokuwa haujatoka, kwa sababu mtoto wa shule huweza kuambukizwa upya darasani, lakini matibabu aliyopata mara zote mbili hayakutosha kumwondoa bakteria kama alikuwepo, na tabibu anapaswa kuelezwa hivyo.

Kwa nini nalikazania jambo hili ikiwa homa huondoka yenyewe? Kwa sababu ya moyo. Kwa watoto wachache, wengi wao wa kati ya miaka 5 na 15, kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na streptokokasi hukosea njia, na wiki mbili au tatu baada ya koo kupona ikaanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Ugonjwa huo huitwa homa ya rumatiki. Goti huvimba na kuuma, kisha maumivu yanahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko, na wakati wote huo milango midogo ndani ya moyo, inayoitwa valvu, inachubuka na kuweka kovu. Maumivu ya viungo hupona, lakini kovu la valvu halifutiki, na kila koo jipya la bakteria yuleyule linaweza kulizidisha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, hupokea vijana ambao valvu zao zimeharibika kwa njia hii, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na ugonjwa huu, kwa sababu unazuilika.

Nilipokuwa nikihudumia dirisha la dawa, binti mmoja wa miaka 14 alikuwa akiletwa na mama yake kila baada ya wiki nne kuchomwa sindano ya penisilini, ili koo lisimrudie na moyo usizidi kuharibika. Mbele ya mlango wetu palikuwa na ngazi tatu za saruji. Kila mara alisimama kwenye ngazi ya pili, akaushika ukuta kwa kiganja, akangoja pumzi imrudie, ndipo akamalizia ya tatu. Mama yake alikuwa ananiambia kwamba hakumbuki mtoto kuumwa ugonjwa wowote mkubwa, isipokuwa koo tu alipokuwa mdogo. Silitaji hili ili kukutisha, kwa sababu watoto walio wengi wenye koo hawafikii huko, bali kwa sababu penisilini ikianza kutolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma inaizuia homa ya rumatiki kwa sehemu kubwa. Rehema alianza Jumatatu. Muda upo, lakini si wa kungoja lori litoke safarini.

Tabibu akiona dalili zinatosha, atachagua moja kati ya njia mbili. Kuna sindano moja tu ya benzathini penisilini, ambayo kwa mtoto wa kilo 24 huwa yuniti 600,000, na ikishachomwa hakuna kidonge cha kusahau. Ama atampa penisilini au amoksilini ya kumeza kwa siku 10. Sindano inauma, sitakuficha, lakini kwa mtoto ambaye tayari amekatiza dozi mara mbili ningeomba ifikiriwe kwanza. Mweleze tabibu kama Rehema aliwahi kutokwa na vipele, kuvimba uso au kubanwa na pumzi baada ya dawa yoyote, na baada ya sindano mkae hapo hapo kama nusu saa. Mkipewa vidonge, visimamie hadi cha mwisho cha siku ya 10, hata kama siku ya tatu anadai nyama choma. Septrini, ambayo baadhi ya watu huiomba kwa koo, haifai kwa kazi hii kwa sababu haimng'oi streptokokasi.

Kuhusu kijana aliyekuhesabia vidonge kwenye karatasi, alikosea. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa ili mama wa kijijini apate dawa salama karibu na nyumbani kutoka kwa mtu aliyefunzwa, na wapo wauzaji wengi wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Muuzaji aliyefunzwa huuliza umri na uzito, huuliza kuhusu mzio, huandika jina la dawa na siku za kuitumia kwenye bahasha, na akiona mtoto mwenye homa na mafindofindo kama ya Rehema humwelekeza zahanati. Siku nyingine, kabla hujalipa, una haki kabisa ya kuuliza dawa hii inaitwaje na dozi yake ni siku ngapi, na kama fedha uliyonayo haitoshi dozi nzima, ni bora ununue parasetamoli kwa fedha hiyo na uende kituo cha afya kuliko kununua nusu dozi ya antibayotiki.

Sasa kimeo. Namheshimu mama mkwe wako, na najua hasemi kwa ubaya; anasema lile ambalo kizazi chake kiliambiwa, naye amemlea mwanawe akapona. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na koo lote linapovimba nacho huvimba na kuonekana kirefu, kama vile viatu vinavyobana mguu ukivimba. Uvimbe wa koo ukishuka, nacho hurudi kilivyokuwa. Kina kazi yake: husaidiana na kaakaa laini kuziba njia ya pua tunapomeza ili chakula na maji yasipande puani, na hulilowesha koo. Ukimkata mtoto kimeo leo, bakteria aliye kwenye mafindofindo hajaguswa, na sasa amefunguliwa kidonda kibichi hapo hapo alipo. Watoto waliokatwa vimeo hufikishwa hospitalini wakiwa wamepungukiwa damu, wengine kidonda kimeoza, wengine pepopunda imewaingia kwa kisu, na kisu kinachohama kutoka mtoto hadi mtoto huweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini.

Usibishane naye. Mchukue mwende naye zahanati, akae ndani ya chumba, na umwombe tabibu amulike koo la Rehema mbele yake na kumwonyesha kimeo, mafindofindo na vile vidoa. Mwambie mama kwamba yeye ndiye aliyegundua mapema kuwa jambo hili si la dawa za dukani, na katika hilo ana haki kabisa. Kisha, baada ya siku tano au sita, mmulike tena mtoto kwa tochi ya simu mkiwa wote wawili, aone mwenyewe kimeo kimerudi mahali pake. Bibi aliyeona kwa macho yake ni msaada mkubwa siku jirani atakapokuja na mtoto wake.

Lipo ambalo halingoji asubuhi. Mtoto akishindwa kumeza hata mate hadi yanamtoka mdomoni, akipumua kwa kukoroma au kwa kuvuta mbavu, akishindwa kufungua mdomo, sauti yake ikawa nzito kama anayesema huku amejaza chakula mdomoni, upande mmoja wa koo ukivimba kuliko mwingine, au shingo ikakakamaa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane, na usimlazimishe kufungua kinywa ili umulike. Vivyo hivyo ukiona utando wa kijivu uliotanda na kung'ang'ania kooni: usiuguse wala usiukwangue, kwa sababu huenda ni dondakoo, ugonjwa ambao chanjo ya pentavalenti huukinga. Mdogo wake alitakiwa kupata chanjo hiyo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Iangalie kadi yake wakati mkisubiri zamu, na kama kuna pengo hapo hapo ndipo pa kulijaza.

Rehema akishaanza antibayotiki, asiende shule hadi saa 24 zipite na homa iwe imeondoka. Kikombe chake na kijiko vitengwe kwa siku hizo, na mswaki ubadilishwe akimaliza dozi. Mpe uji mwepesi, supu, maziwa yasiyo moto sana, kidogo kidogo na mara nyingi. Asipotaka kula siku mbili si neno, lakini maji lazima yaingie, na ukiona amekaa saa nane bila kukojoa mrudishe kwa tabibu. Kama saa 48 zimepita tangu aanze dawa na homa bado inawaka, mrudishe pia. Na kwa kuwa hii ni mara ya tatu, muulize tabibu kama inafaa asikilizwe moyo kabla hamjaondoka, jambo linalochukua dakika chache kwa kifaa alichonacho shingoni.

Kisha tafuta kalenda ya ukutani uizungushie duara tarehe ya Jumatatu ile aliyotoka shuleni anaumwa, uhesabu wiki nne mbele. Ndani ya wiki hizo, hata akiwa anaruka kamba tena, mwangalie magoti na vifundo kama vinavimba na kuhama, mwangalie pumzi anapopanda kilima, mikono kama inarukaruka yenyewe bila yeye kutaka, na mkojo kama umekuwa wa rangi ya chai ya rangi huku uso umevimba asubuhi, maana figo nazo huweza kuguswa na bakteria huyu. Ukiona mojawapo, rudi kituoni ukiwa na daftari lake la matibabu, na uwaambie tarehe ile uliyoizungushia duara.